Utani Uliogeuzwa Ripoti

Castory aliandika kwamba Mwanamvua binti Mwinyimadi ameiba kuku wa kampuni. Aliandika kwa Kiswahili kisafi, herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni, mahali ambapo ofisi nzima ya Kibaha ingesoma. Baadaye aliambiwa kwamba si kweli, akaelewa, akafuta, na hakumwambia mtu kwa nini amefuta. Kwa hiyo ubaya wake haukuwa mmoja. Wa kwanza aliutenda kwa kutojua, na huo Mwanamvua angemsamehe siku ileile. Wa pili aliutenda huku anajua.

Mwanamvua ni mtu wa Kurui, kijiji cha Kisarawe. Shule hakwenda. Shule ilikuwepo, lakini baba yake alikuwa na shamba la mihogo lenye ngedere wengi, na mtoto wa kufukuza ngedere alikuwa yeye. Chuoni alisoma, herufi za Kiarabu akazijua. Hizi za kizungu alijifunza ukubwani kwenye simu, kwanza majina ya watu waliompigia, kisha ujumbe mfupi, kisha mabango ya barabarani. Mpaka leo anasoma kwa midomo, polepole, kama mtu anayevuka matope. Lakini anavuka. Mumewe hakuona kama hilo linatosha. Alimwacha akaoa msichana aliyejua kuandika hesabu za duka, na duka lenyewe likafa.

Ndipo Mwanamvua akaenda kwenye mabanda ya kuku. Kampuni ile ya mayai ina ofisi Kibaha, Maili Moja, na mabanda yake yako Kisarawe, kando ya barabara ya Maneromango, ndani kidogo, ambako mvua ikinyesha hata trekta linaomba dua. Alianza kwa kuzoa kinyesi. Akapanda mpaka akawa msimamizi wa banda la nne, mwenye funguo, mwenye wanawake wanaomsikiliza. Watoto wa jirani walipompita walisema, "Shikamoo, Bi Msimamizi." Mtu ambaye hajawahi kuachwa hajui neno kama hilo lina uzito gani.

Sasa, ripoti za zamu zilikuwa mbovu. Wafanyakazi waliandika walivyoweza, na Kibaha hawakuelewa. Mmoja aliandika, "Kuku mmoja wamekufa sana jana." Mwingine, "Hali si mbaya ila ni mbaya." Meneja, Bwana Ponsiano, alichoka. Akamleta mkufunzi kutoka Dar es Salaam, na mkufunzi akawagawa watu katika makundi, kila kundi likae kwenye wasapu, lifanye mradi wake humohumo mtandaoni, Kibaha kwa Kisarawe, bila mtu kusafiri. Mwisho makundi yote yaunganishe kazi zao ziwe mwongozo mmoja wa kuandika kazini. Meneja alisema kila kundi liwe na mtu wa ofisini na mtu wa mabandani, maana mwongozo usioeleweka na mzoa kinyesi ni karatasi ya kufungia maandazi.

Kundi la Mwanamvua lilikuwa na watu wanne. Kiongozi alikuwa Castory, karani wa ofisini, kijana wa Bukoba, msomi, mtaratibu, shati lake halina mkunjo. Alikuwepo Aneth wa stoo ya Kibaha. Alikuwepo Sadick, dereva wa lori la chakula cha kuku, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mzima rika la Mwanamvua. Na yeye.

Kazi waliifanya hivi. Mtu wa mabandani anasimulia jambo kwa sauti, anatuma kwenye kundi. Castory anasikiliza, anaandika kwenye waraka wa mtandaoni ambao wote wanne waliweza kuufungua, na mkufunzi na watu wa ofisi ya Kibaha pia. Waraka ulikuwa na safu mbili. Kushoto pameandikwa *Ilivyosemwa*, kulia *Inavyoandikwa*. Aneth anapitia, anasahihisha, kisha kila mmoja anaweka dole gumba kwamba amekubali.

Mwanzoni Mwanamvua alikataa.

"Mimi nitaandika nini, baba?" alimwambia Castory kwenye simu. "Kalamu yangu mimi ni ufagio."

"Mama, wewe ongea tu. Kuandika niachie mimi."

Akaongea. Mtandao pale mabandani unapatikana kwenye mwinuko wa tangi la maji peke yake, basi kila baada ya chakula cha mchana alipanda pale, akabonyeza simu, akasimulia. Habari ya maji yaliyokatika, ya trei zilizovunjika, ya kuku waliokataa kula. Akipanda siku ya pili anasoma safu ya kulia kwa midomo, na anaona maneno yake yamesimama wima, yamevaa nguo. "Maji yalikatika asubuhi. Kuku walipewa maji ya akiba." Alikuwa anasoma mara mbili, mara tatu. Alijiona ameandika yeye. Wenzake walimkuta pale tangini anatabasamu peke yake, wakamwuliza kama amepata mchumba.

Kisha kicheche akaingia banda la nne. Alitoboa wavu nyuma, akaua, akaburuta. Asubuhi Mwanamvua alikuta manyoya na damu na tundu, akampigia meneja pale pale, fundi akaja akashona wavu. Yakaisha. Hakuna aliyeuliza zaidi, kwa sababu kicheche Kisarawe si mgeni.

Sadick alipopata habari, alituma sauti kwenye kundi.

"Wewe Mzaramo," alisema, na lori likinguruma nyuma yake, "nasikia kuku wa banda la nne wamepungua. Kicheche gani huyo anayevaa kanga? Semeni tu mmewalia kwenye ngoma ya mwali. Nyinyi watu mkisikia ngoma hata kuku wa serikali hamumwachi."

Mwanamvua alicheka mpaka akashika nguzo ya tangi. Akajibu.

"Nimewala mimi, mtumwa wangu, tena kwa nazi. Nimekuwekea miguu na vichwa, njoo uvibebe uvipeleke kwenu Tabora. Si ndiyo kazi mliyoumbiwa, kubeba? Babu zako walipita kwetu na mizigo kichwani, na hongo ya kupita wakatulipa."

"Nitabeba, si nina lori la kampuni," alijibu Sadick. "Na manyoya usitupe, mke wangu anataka mto."

Aliyezaliwa Pwani haelezwi hapa kimetokea nini. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wako anaweza kuja kwenye msiba wako akalala mahali pa maiti akadai sanda, na wewe huna ruhusa ya kununa. Na utani una sheria yake: mtani akikutuhumu, hukatai. Akikwambia mwizi, wewe kubali, tena ongeza na vingine ambavyo hakuvitaja. Anayekataa ameshindwa, atachekwa. Mwanamvua alikubali kwa sababu hiyo, kama mama yake alivyokubali kwa watani wake, na bibi yake.

Castory alisikiliza sauti ile akiwa na vidude vyake masikioni. Mradi ulikuwa umebaki nyuma na meneja alikuwa anauliza kila siku. Kulikuwa na sehemu moja bado tupu, sehemu ya namna ya kuandika mtu anapokiri kosa la nidhamu, na hakuna aliyekuwa ametuma mfano, maana nani anatuma kosa lake? Sauti ya Mwanamvua ikamfikia kama embe lililoanguka lenyewe.

Kushoto akaandika: "Nimewala mimi. Nimekuwekea miguu na vichwa, uvipeleke Tabora."

Yale maneno "mtumwa wangu" aliyatoa. Aliona si lugha ya ofisini. Na babu na mizigo na hongo akavitoa, aliona ni porojo. Yaani alikata kichwa cha maneno, akaacha kiwiliwili.

Kulia akaandika: "Msimamizi wa banda la nne alikiri kuchukua kuku wa kampuni kwa matumizi yake binafsi. Alieleza kuwa sehemu ya kuku hao ilipangwa kusafirishwa kwenda Tabora kwa lori la kampuni."

Ilikuwa sentensi nzuri. Mkufunzi aliisifu. Aliweka alama ya kupiga makofi.

Aneth ndiye aliyempigia Mwanamvua. Aneth ni mwoga, anaongea kama mtu anayeficha kitu mdomoni.

"Bi Mwanamvua, umeufungua waraka leo?"

"Bado, mwanangu. Kuna nini?"

"Fungua. Halafu usiseme kama ni mimi."

Alipanda tangini, akafungua. Alisoma kwa midomo. Neno "alikiri" hakuhitaji kulisoma mara mbili, analijua tangu chuoni. Mtu hukiri dhambi. Alisoma mpaka kwenye nukta, akaanza tena, labda amevuka vibaya. Hakuwa amevuka vibaya. Jina lake halikuwepo, lakini banda la nne lina msimamizi mmoja.

Akampigia Castory.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Castory, umeandika nini banda la nne?"

"Aa, ile ni mfano tu, mama. Mkufunzi ameupenda sana."

"Mfano wa nini?"

"Wa kukiri. Si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema kwa nani?"

"Kwenye kundi."

"Nakuuliza nilisema kwa nani, mwanangu. Sikukuuliza wapi."

Mwanamvua akamwingiza Sadick kwenye simu, na Sadick akaeleza yote, ya watani na misafara na sheria ya kutokataa. Alieleza kwa upole, bila kutukana, jambo ambalo si desturi yake. Mwisho Castory alicheka kidogo.

"Kumbe. Mimi nilikozaliwa mtu akisema amekula, amekula."

"Sasa umejua," alisema Mwanamvua. "Nisikilize vizuri. Usifute. Ukifuta kimya kimya itaonekana kuna jambo nimelificha. Andika hapo hapo chini yake kwamba ulikuwa utani, na kwamba wewe ndiye hukuelewa. Meneja akisoma, asome vyote viwili."

"Sawa, mama. Nitaweka sawa."

"Utaandika?"

"Nitaweka sawa, mama, usiwe na wasiwasi."

Neno hilo "nitaweka sawa" Mwanamvua alilichukua kama ahadi. Hakujua kwamba kwa watu wa ofisini ni mlango wa nyuma. Castory alikuwa anautaka ukubwa. Kulikuwa na cheo kipya kinakuja, cha mtu atakayesimamia maandishi yote ya kampuni, na kila mtu alijua kitatoka katika mradi ule. Kiongozi wa kundi la kuandika vizuri ataandikaje, kwa mkono wake, mbele ya meneja, kwamba aliyoambiwa hakuyaelewa? Akafuta. Alifuta kushoto na kulia, akaziba pengo kwa mfano mwingine, wa mtu aliyechelewa kazini.

Kilichofutwa kwenye waraka wa mtandaoni hakiendi mbali. Kinabaki chini, na mwenye ruhusa akibonyeza anaona nani aliandika, nani alifuta. Castory alijua. Labda alidhani meneja hana muda wa kubonyeza. Meneja alibonyeza.

Kikao kiliitwa kwenye simu, cha picha na sauti, makundi yote. Mwanamvua alivaa gauni la Idi, akafunga ushungi, akakaa juu ya kreti karibu na tangi, simu ameiegemeza kwenye ndoo. Makundi mengine yalisoma kazi zao. Zamu yao ilipofika, Castory alisoma vizuri, sauti yake haikutetereka. Alipomaliza, Bwana Ponsiano alikohoa.

"Kazi nzuri. Lakini kuna kitu kiliondolewa humu. Habari ya banda la nne. Castory, kwa nini kiliondolewa?"

Mwanamvua akaona uso wa Castory kwenye kioo kile kidogo. Ulikuwa mdogo kama kucha, lakini aliuona. Hapo ndipo mahali pake, alijiambia. Sema sasa, mwanangu.

"Mwenyewe aliomba, meneja," alisema Castory.

"Nani?"

"Bi Mwanamvua. Alinipigia simu akalalamika, ndiyo nikaiondoa. Kwa heshima ya mtu mzima."

Kila neno hapo lina ukweli kidogo. Alipiga simu, kweli. Alilalamika, kweli. Mtu mwenye kalamu akitaka kukuua hahitaji uongo mzima. Huchukua ukweli wako akaupunguza.

Mwanamvua alianza kusema, na akasema maneno mengi kabla Aneth hajaandika kwamba sauti yake haijafunguliwa. Akabonyeza. Wote wakamsikia anahema.

"Meneja, mimi sikuomba ifutwe. Nilimwambia asifute. Nilimwambia aandike kwamba ulikuwa utani."

"Bi Mwanamvua, swali langu ni dogo. Maneno 'nimewala mimi' uliyasema au hukuyasema?"

"Niliyasema kwa mtani wangu."

"Uliyasema?"

"Niliyasema, lakini…"

"Basi. Nilitaka kujua hilo."

Sadick aliingilia kutoka kwenye lori lake, lililokuwa limeegeshwa uani Kibaha. "Meneja, huyo ni mtani wangu. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Sisi ndivyo tunavyosalimiana. Kicheche alionekana, wavu fundi ameushona, muulizeni."

"Sadick, na wewe umetajwa humohumo, wewe na lori. Subiri zamu yako."

Zamu yake haikufika.

"Sikilizeni sauti yenyewe," alisema Mwanamvua. "Ipo kwenye kundi. Mtasikia tunavyocheka."

Haikuwepo. Castory tangu mwanzo aliweka kundi lile ili kila ujumbe ujifute wenyewe baada ya siku kadhaa, kwa sababu simu za watu zilikuwa zinajaa. Wote walikubali, hata yeye aliweka dole gumba. Kicheko kilikuwa kimeshakwenda zake. Yaliyobaki ni maandishi, na maandishi hayakuwa na mtani ndani yake.

"Aneth aliisikia," alisema Mwanamvua. "Aneth, sema."

Picha ya Aneth ilikuwa imesimama. Baadaye alidai mtandao ulikata. Aneth anakaa ofisini, kwenye mtandao usiokatika.

"Mimi naheshimu mila za watu," alisema Bwana Ponsiano, na alikuwa hajakasirika, ndiyo iliyouma. "Hata kwetu utani upo. Lakini utani ni wa msibani na harusini. Kwenye maandishi ya kazi hakuna utani. Tumefanya mradi mzima kujifunza jambo hilo."

Watu wakaitikia kwa vichwa, kila mmoja kwenye kidirisha chake.

Polisi hakuitwa. Meneja alisema ametumia hekima. Hakuna barua ya wizi, hakuna kufukuzwa. Mwanamvua alinyang'anywa funguo za banda la nne "kwa muda", akapelekwa kuosha trei kwenye birika la nje, na msimamizi mwingine akatoka Kibaha, binti mwenye cheti. Muda huo mpaka leo haujaisha. Angefukuzwa angekwenda kulalamika mahali; hekima ile haina mahali pa kuilalamikia. Kama ni mwizi, kwa nini hawakumfunga? Kama si mwizi, kwa nini anaosha trei? Hakuna aliyemjibu, kwa hiyo watu walijijibu wenyewe.

Wanawake wa mabandani walianza kumwita Mama Kicheche. Mwanzoni alidhani wanamtania, akawatania naye.

"Na wewe usinisogelee, nina njaa."

Hakuna aliyecheka. Mmoja alivuta ndoo yake akaiweka upande wa pili.

Habari ilifika Kurui kabla yake. Alipokwenda kwenye arusi ya mtoto wa dada yake, alikuwa ndiye aliyezoea kukaa jikoni kugawa nyama, maana mkono wake hauna upendeleo. Safari ile alipokaribia sufuria, wifi yake alimshika bega.

"Wewe pumzika leo, wifi. Umechoka na safari."

Toka mabandani mpaka Kurui si safari ya kumchosha mtu. Alikwenda akakaa mkekani na wageni, akaletewa sahani kama mgeni. Alikula. Nyama aliiacha.

Hata hivyo kilichompeleka Kibaha ni Sadick. Walikuwa wamemhamishia njia nyingine, akawa haonekani mabandani. Siku moja lori la Kisarawe liliharibika, akaletwa yeye. Mwanamvua alimsikia kwa honi akiwa birikani, akanyanyuka na mikono yenye povu, na ulimi tayari ameshaunoa. Sadick akateremka, akavua kofia.

"Habari za kazi, Bi Mwanamvua."

"Nzuri, Sadick."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Akapakua magunia, akasaini, akaondoka. Hakumwita Mzaramo. Hakudai manyoya. Mtu yule aliyemtukana msibani kwa mama yake mpaka wafiwa wakasahau kulia, leo anamuuliza watoto kama mtu wa sensa. Mwanamvua hakumlaumu. Sadick ana watoto wa shule, na lori si lake. Lakini alirudi birikani akakaa chini, na trei zikaelea mbele yake hazijaoshwa.

Kesho yake alipanda pikipiki mpaka Kisarawe mjini, akapita Kiluvya, akafika Maili Moja ofisi zimeshafunguliwa. Mlinzi alimuuliza ana miadi na nani.

"Na mwanangu Castory."

Castory alikuwa amepata kile cheo. Ana chumba chake, na mlangoni pana maandishi ambayo Mwanamvua aliyasoma yote kwa midomo kabla ya kugonga. Alipomwona, alisimama haraka.

"Shikamoo, mama. Karibu, karibu. Nikuagizie soda?"

"Marahaba. Sikuja kunywa. Castory, mimi niliiba?"

Akafunga mlango kwanza. Mwanamvua aliona hilo.

"Hapana, mama. Najua hukuiba."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mliponipigia."

"Kabla ya kikao."

"Kabla ya kikao."

Alisema kwa sauti ya chini, macho mezani. Kwa dakika ile Mwanamvua karibu amwonee huruma, maana ni kijana, ana umri wa mtoto wake. Akavuta kiti akakaa.

"Basi kaandike."

"Niandike nini, mama?"

"Hayo uliyosema sasa hivi. Yaandike kwenye lile kundi kubwa la kampuni ambalo meneja yumo na watu wote wamo. Una kalamu, una cheo, una mtandao. Mimi nakuongelea, wewe andika, kama tulivyozoea."

"Mama, mradi umeshafungwa. Mwongozo umeshatoka, umeshasambazwa matawi yote. Nikianza kurudisha mambo…"

"Sikukwambia urudishe mwongozo. Nimesema andika sentensi."

"Nitaongea na meneja ana kwa ana. Polepole. Nitaweka sawa."

"Hapana. Hilo neno usinipe tena." Alikuwa hajapandisha sauti. "Uliponichafua hukuongea ana kwa ana. Hukwenda polepole. Ulichafua kwa maandishi, safisha kwa maandishi."

"Watanionaje, mama?"

Hapo ndipo huruma ilipomtoka Mwanamvua, yote, kama maji kwenye trei iliyopinduliwa. Alikuwa hajui kama kijana yule anajisikia anavyosema. Watamwonaje. Yeye aliyeonwa tayari, arusini, birikani, barabarani, ndiye aliyekaa mbele yake, na swali lile aliulizwa yeye.

"Watakuona kama mtu aliyekosea," alisema. "Siyo ugonjwa. Mimi wananiona kama mwizi na bado naamka."

Castory alitazama simu yake, akaigeuza kifudifudi. Nje watu walipita wakiongea habari za chakula cha mchana. Mwanamvua alisubiri. Alisubiri kama anavyosubiri mtu aliyezoea kuku: bila kutikisika, bila kumtisha. Mwishowe Castory alisema ana kikao.

"Nenda," alisema Mwanamvua. "Mimi nitatoka mwenyewe."

Alitoka. Mlinzi akamuuliza kama amemwona mwanawe. Akasema amemwona.

Mwongozo ule umebandikwa mabandani, umefunikwa nailoni usilowe. Umeandikwa vizuri, ripoti za zamu sasa zinaeleweka mpaka Kibaha, na mifano mingi iliyomo, ya maji, ya trei, ya kuku waliokataa kula, ni ya mdomo wa Mwanamvua. Jina lake halimo. Hilo halidai.

Anachodai ni hiki. Ponsiano anadaiwa kuliuliza swali lake upya, na safari hii asubiri jibu mpaka liishe, kisha arudishe funguo za banda la nne kwa aliyenyang'anywa. Aneth anadaiwa kusema alichokisikia kwa masikio yake. Deni kubwa ni la Castory. Anadaiwa sentensi moja, aiandike kwa mkono wake, kwenye lile kundi kubwa, wasome walewale: kwamba Mwanamvua binti Mwinyimadi hakuiba, ulikuwa utani, na yeye aliambiwa hivyo kabla ya kikao akanyamaza. Mwanamvua bado anapanda tangini kila baada ya chakula cha mchana, anafungua simu, anasoma kwa midomo yaliyoandikwa kwenye kundi. Castory hajaiandika.